Marahaba ya Sauda

Nakumbuka siku niliyompiga mtu msibani, mwanangu Zuhura. Tena si msiba wa jirani, ni msiba wa mtoto wangu mwenyewe, Sauda. Usinikodolee macho. Huyu mama yako mkubwa unayemwona na tasbihi mkononi alimtandika mtu kwa mwiko wa ugali, mbele za watu.

Sauda alikuwa na miaka saba. Homa ilimshika Jumatatu, tukateremka naye mlimani hadi hospitali ya mjini, na Alhamisi tukapanda naye kurudi Kinole akiwa amefunikwa shuka. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wewe umemzika mwanao Twaha wiki tatu zilizopita, mengine unayajua.

Umekulia hapa mjini Kihonda, mambo ya watani umeyasikia juu juu tu. Kwetu mlimani kila ukoo una watani wake, na msiba ukitokea hao ndio wa kwanza kufika. Wanachimba kaburi, wanachota maji, wanapika, na humohumo kwenye kazi wanatania. Watamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikohoa, mpaka mfiwa acheke huku machozi yanamtoka. Na mtani hakasirikiwi, hiyo ni haki yake tangu enzi za mababu.

Mtani wetu alikuwa Bi Tausi, mwanamke mrefu, mdomo haupumziki. Sasa, Sauda wangu alikuwa na tabia moja, alipenda mno kuamkia watu. Ukipita njiani atakuamkia, na usipoitika atakufuata, mkono kiunoni, "Sijasikia marahaba yangu!" Alimfuata hata imamu hadi mlangoni mwa msikiti. Mimi mwenyewe asubuhi nikiwa mbiombio napanga mananasi kwenye tenga, alikuwa akiniamkia mara tatu ndipo niitike, na siku nyingine sikuitika kabisa. "Hebu niondokee hapa," ndivyo nilivyokuwa nikimwambia. Mungu anisamehe.

Basi wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, mimi nimekaa mkekani katikati ya wanawake wenzangu. Bi Tausi akaingia. Kanga kaifunga shingoni kitoto, mkono kiunoni, akasimama mbele yangu na kusema kwa sauti ileile, ileile kabisa: "Shikamoo mama. Sijasikia marahaba yangu."

Wengine waliangua kicheko, wengine kilio. Mimi niliinuka, nikaunyakua mwiko wa wapishi uliokuwa karibu. Nilimpiga begani, nikamwita mchawi, nikamfukuza uani kwangu kama mwizi. Akaifungua kanga shingoni, akaondoka.

Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, akaja akasimama juu yangu. Akasema taratibu, "Aliyemwosha mtoto wako leo asubuhi ni huyo uliyempiga." Nilikuwa sijui. Hata hivyo sikujuta, mwanangu. Hasira ilikuwa imenijaa hadi kooni.

Baada ya siku ile watu waliniogopa. Hakuna, hata baba yake, aliyethubutu kutaja jina la Sauda mbele yangu. Nikaona ndivyo ninavyotaka. Na swala nikaacha. Mtu akiniambia nimshukuru Mungu kwa kila hali, namuuliza, "Nimshukuru kwa lipi?" Anainamisha kichwa, anaaga. Nikawa nashinda shambani peke yangu, narudi, nalala.

Miezi mitano ikapita hivyo. Asubuhi moja nikiwa napalilia mananasi nikajaribu kuisikia sauti ya Sauda kichwani, haikuja. Nikasimamisha jembe, nikajaribu tena. Kimya. Jamani! Nyie mna simu zenye sauti na picha, sisi hatukuwa na kitu. Uso nauona, midomo naiona inacheza, sauti hamna. Nilihisi wamemchukua mara ya pili, na safari hii mwizi ni mimi mwenyewe, maana kila aliyekuwa na kipande cha mtoto wangu nilikuwa nimemziba mdomo.

Nilitupa jembe nikateremka bondeni mbio, nikavuka mto, nikapanda hadi kwa Bi Tausi. Nilimkuta amekaa kizingitini anabandua maganda ya mdalasini kwa kisu. Akanitazama mikono.

"Leo umekuja bila mwiko?"

Nikapiga magoti palepale kwenye maganda. "Nisamehe mtani wangu. Sauti yake imenipotea. Mwige tena."

Nilitegemea anitanie kwanza, na angekuwa na haki. Hakunitania. Aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaifunga kanga shingoni. Mkono kiunoni.

"Shikamoo mama."

Akangoja.

"Sijasikia marahaba yangu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba, Sauda. Marahaba, mama, marahaba." Niliitika na zile zote nilizomnyima. Nililia nikagaagaa, na yeye hakuninyamazisha. Kisha akamwigiza imamu anavyokimbia na Sauda yuko nyuma yake, na mimi, wallahi, nikacheka. Katikati ya kicheko nikasikia mdomo wangu unasema Alhamdulillahi.

Sikiliza vizuri hapa, Zuhura. Sikumshukuru Mungu kwa kumchukua. Hilo silielewi hadi leo, nitamuuliza nikifika. Nilimshukuru kwa kunipa. Miaka saba, kila asubuhi, mtu alisimama mbele yangu akitaka nimwitikie yeye. Nilifanya nini hata nistahili?

Adhuhuri ilipoingia niliswali pale kwake, juu ya kanga yake. Nilipomaliza nikamuuliza alipata wapi moyo wa kunisaidia baada ya kumpiga vile. Akasema, "Mimi nimezika watoto wawili. Hakuna mtani aliyewaiga. Walikuwa hawajaanza hata kutembea." Akachukua kisu chake akaendelea na mdalasini.

Ndiyo maana nimeshuka kutoka Kinole na magoti haya mabovu. Jana nimekuta picha za Twaha umezifungia kabatini, na mumeo ananinong'oneza jikoni nisimtaje. Nimemwambia nitamtaja. Ukitaka kunipiga, mwiko uko pale.

Ninalokuomba ni hili. Usiwazibe watu midomo, wamebeba vipande vya mtoto wako, waache wakuletee. Lia, hakuna anayekudai ukavu wa macho. Swala ikikushinda, kaa tu juu ya mkeka, Mungu anajua uliko. Wala usijilazimishe kushukuru kwa kaburi. Shukuru kwa kicheko kimoja unachokikumbuka, kesho utakumbuka cha pili, na imani itarudi kwa mlango huohuo.

Mungu akutie nguvu, mwanangu. Amfanye Twaha kuwa akiba yako mbele yake, akulindie sauti yake masikioni mpaka siku mtakapokutana. Sema amin.

Haya, sogea hapa. Twaha wangu alikuwa anakuitaje? Niigie.