Nilivyofunga Mdomo Koboko

Mama yangu alifariki Kibra, kwetu Kenya, mwaka 1976, na kabla hajakata roho alinisihi nisipeleke habari kwa barua. Dada yake, Mama Mkubwa Zainabu, aliolewa zamani Koboko, kule Uganda inakopakana na Sudan na Zaire, wala hajui kusoma. Mama hakutaka dada yake asomewe msiba na mtu baki. Mwishoni mwa Juni nikaomba ruhusa shuleni nilikofundisha, nikaondoka.

Kampala nilipanda basi la Arua alfajiri. Kiti cha pembeni alikaa Owino, fundi redio wa Kisumu mwenye kibanda chake Arua. Alifurahi kusikia Kiswahili cha kwetu, akazungumza njia nzima. Penye daraja la Pakwach askari walitushusha, tukapanga mstari juani. Owino akaninong'oneza, "Mikono yako waione muda wote, dada." Nikafanya hivyo.

Arua tulifika jioni. Alinipeleka mtaa wa Mvara kwa mama mwenye nyumba wake nikalala, na asubuhi akanitafutia lori la Koboko. Aliniandikia anwani ya ndugu zake Kisumu, nikiwa na nafasi niwasalimie.

Koboko, Mama Mkubwa aliponiona mlangoni peke yangu, alikaa chini pale pale. Sikuhitaji kusema neno. Tulilia mpaka adhuhuri. Mwanawe Juma, koplo jeshini aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alituletea maji akasimama tu, hajui aweke wapi mikono yake.

Siku ya tatu redio ikasema kuna ndege imetekwa na kutua Entebbe, abiria wamefungiwa ndani ya jengo. Wanaume walikusanyika uani kwetu kusikiliza. Stesheni moja iliwaita watekaji magaidi, nyingine ikawaita wapigania haki waliopokonywa nchi yao. Mzee mmoja akasema stesheni zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli. Mama Mkubwa, aliyekuwa akichambua kunde, akauliza:

"Ndani ya ndege iko watoto?"

"Iko," Juma akajibu.

"Basi mimi hapana taka kujua jina yao."

Baada ya siku chache habari ikageuka. Usiku walikuja makomando kwa ndege, wakawachukua abiria, wakaua askari. Na redio ikasema ndege zile zilipitia Kenya.

Asubuhi hiyo Juma aliitwa Arua. Alipotoka tu, mamake alifunga mlango akanishika mabega.

"Wewe hapana fungua mdomo tena. Kiswahili yako iko ya Kenya. Mutu akisikia, umekwisha."

Akanifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, akatangaza kwa majirani kwamba nimetoka Bombo, karibu na Kampala, na nina jino bovu lisiloniruhusu kusema. Jirani wa mkono wa kulia, aliyenisikia nikizungumza tangu siku ya kwanza, aliniletea maji ya chumvi nisukutue. Alinitazama machoni akasema, "Pole kwa jino," akaenda zake. Mpaka leo sijui kwa nini hakunichongea.

Mtaa wa pili kulikuwa na msiba: kijana wao aliuawa Entebbe, kwenye zamu ya ulinzi. Mama Mkubwa alisema nisipokwenda nitatiliwa shaka. Nikakaa mkekani karibu na mama wa marehemu. Alikuwa akirudia kwamba mwanawe hakuteka ndege ya mtu, alikuwa amepewa bunduki akaambiwa asimame mlangoni. Kisha akalaani kila Mkenya aliye chini ya jua, akaniegemea begani, akalia. Nilimshika. Nililia naye kwa dhati, huku nikiogopa nikilia kwa sauti atasikia lafudhi.

Juma alirudi baada ya siku tatu, macho mekundu. Hakuuliza kitambaa ni cha nini.

"Kesho mimi nakupeleka mpaka Busia," alisema. "Wewe iko bibi yangu. Hapana ongea."

Tukaondoka kwa Landrova ya jeshi, yeye akiendesha. Kila kizuizi aliwaambia wenzake, "Bibi yangu. Jino nauma sana. Nampeleka hospitali." Mmoja alicheka, akampa ndizi anipondee.

Arua tulipita mbele ya kibanda cha Owino. Mlango ulikuwa umeng'olewa, redio zimetapakaa matopeni. Nilisahau kitambaa.

"Juma, huyu fundi yuko wapi?"

Alibadili gia.

"Watu ilisema yeye naongea na Kenya kwa hiyo redio yake."

"Nani alimchukua?"

"Sisi."

"Alikuwa fundi tu, Juma! Alinitafutia lori la kuja kwenu!"

"Mimi hapana jua hiyo," alisema. "Amri ilikuja." Kisha akatoa karanga mfukoni akanipa, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimekula. Nikazitafuna. Nilikuwa na njaa, na aliyenilisha ndiye aliyekuwa akihatarisha shingo yake kwa ajili yangu.

Busia, mpakani mwa Kenya, aliniteremsha, akaniamkia kama mtu anavyomwamkia dada yake mkubwa, akageuza gari. Nilipitia Kisumu nikawaeleza ndugu za Owino nililoliona, ila sikusema ni nani aliyenieleza.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani. Watoto walikuwa wamesikia redio zao. Msichana wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, gaidi ni mtu gani?"

Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: *Gaidi ni mtu anayewatisha na kuwaua wasio na hatia ili...* Hapo mkono ukasimama. Nilimwona binamu yangu barabarani, ndizi iliyopondwa mapajani mwake, akinitetea kwa uongo. Kisha nikamwona yeye yule mlangoni kwa Owino.

"Ili nini, mwalimu?"

Nilifuta ubao. Nikawaambia watalisoma somo hilo darasa la saba. Darasa la saba hakuna somo hilo.