Ruta ya Haboba na Ijumaa Nne

Kwa nini kompyuta ikubali mtandao siku sita na kuukataa siku moja, na siku hiyo iwe Ijumaa kila wiki? Swali hilo lilinikalia kichwani karibu wiki mbili nyumbani kwetu Koboko. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na vyeti vyangu kwenye bahasha, nikiamini kwamba kila jambo lina sababu inayoweza kupimwa.

Nilikuwa nimepata kazi katika ofisi moja ya Kampala: kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Wenzangu wote walikaa Kampala. Mimi niliomba kufanyia kazi Koboko, kwa sababu haboba, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinubi, alikuwa amebaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Msimamizi wangu alisita. Mwishowe alinipa mwezi mmoja wa majaribio. Kila Ijumaa saa tisa alasiri nitume kazi ya wiki, kisha nionekane kwenye mkutano wa video. Nikishindwa, nitarudi Kampala na haboba atabaki na kuku wake.

Mtandao ulikuwepo. Mjomba alikuwa ameweka antena juu ya paa na ruta sebuleni kabla hajahamia Juba. Nilihitaji ruta ile kweli, maana simu yangu ni ya vibonye, nimeichagua mwenyewe ili nisisumbuliwe. Hata simu kubwa isingenisaidia sana. Tuko karibu na mipaka miwili, na mara nyingi ujumbe hukukaribisha Kongo huku umesimama jikoni kwako.

Ijumaa ya kwanza ilikwenda hivi. Saa saba kasoro tulizima kila kitu kwa ajili ya swala, kwa sababu haboba hataki mashine inayonguruma watu wakiwa wanaswali. Baadaye wageni wakaanza kuingia kama kawaida ya nyumba yetu: wanawake wa mtaani, jamaa kutoka Midia waliokuja mjini kuswali, na wachuuzi wawili wa vitenge kutoka Kongo ambao ni Wakristo lakini chakula cha Ijumaa hawakikosi. Sinia zikawekwa chini. Mimi nikala haraka, nikaingia chumbani, nikawasha kompyuta. Ikaonyesha waifai ya nyumbani, ikajaribu kuunganika, ikazunguka, ikazunguka tena, ikaniambia hakuna intaneti.

Nilifanya kila ambacho mtu aliyesoma hufanya. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikachomoa ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikairudisha. Taa zake zote zikawaka kijani. Nikaangalia waya wa antena. Sebuleni mmoja wa wale wachuuzi alikuwa anatazama video ya harusi kwenye simu yake na kucheka kwa sauti. Hapo nikapata hitimisho langu, nikaridhika nalo sana: kama yeye anapata, ruta ni nzima. Kama ruta ni nzima, mgonjwa ni kompyuta.

"Umesoma Kampala miaka mitatu," mwanamke mmoja akaniambia akiwa bado anakula, "mashini inakushinda?"

"Haijanishinda, mama. Naichunguza."

"Ichunguze. Sisi tunakula."

Saa moja jioni, wageni wakiwa wameondoka, kompyuta ikaunganika yenyewe kama vile haijawahi kuwa na ugomvi na mtu. Mkutano ulikuwa umekwisha. Msimamizi aliniandikia kwa upole kwamba Koboko ni mbali na wanaelewa. Upole ule uliniuma kuliko karipio.

Jumamosi hadi Alhamisi mtandao ulikuwa safi. Ijumaa ya pili, yaleyale. Haboba akasema labda mashine imeamua kupumzika siku ya Ijumaa. Jirani akasema nyumba ile ina wenyewe, na akaonyesha dari kwa kidole. Nikawaambia majini hayana haja ya waifai. Wakacheka, nami nikacheka, lakini zilikuwa zimebaki Ijumaa mbili tu.

Jumatatu nikaifunga kompyuta kwenye shuka kuukuu na kuipeleka Arua, kwa fundi mmoja Mkongomani mwenye kibanda upande wa Onduparaka. Alikuwa anabishana na mteja juu ya penalti ya jana. Aliichomeka kompyuta yangu bila kukatisha hoja yake, na kabla penalti haijaamuliwa ilikuwa imeshaunganika.

"Dada, hii mashini ni muzima. Iko na nguvu kuliko mimi."

"Nyumbani inakataa."

"Kila siku?"

"Ijumaa tu."

Akanitazama. "Mimi ni Mukristo. Ijumaa si kazi yangu."

Mteja wake akaangua kicheko. Mimi sikucheka, na fundi akaona. Akavuta stuli, akaniuliza maswali kwa mpangilio ambao ningetakiwa kuwa nao mimi. Inakataa saa ngapi? Inarudi saa ngapi? Nani yuko nyumbani?

"Wawili," nikasema. "Mimi na haboba yangu."

"Ijumaa munabaki wawili?"

"Wageni wanakuja. Lakini wageni hawana kompyuta."

"Wageni wako na simu," akasema, na akaniacha nijisikilize.

Alinieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Ruta humpa kila anayeingia namba yake, kama kiti. Aliyeifunga ndiye huamua viti vingapi, na mara nyingi kwa nyumba ndogo huweka vichache. Mimi huzima kompyuta kwa ajili ya swala, kiti changu kinabaki wazi, simu ya mgeni inakalia. Nikirudi, viti vimejaa. Na nikichomoa ruta ili wote watoke, simu hurudi upesi kuliko kompyuta yangu ya zamani, ambayo bado inajinyoosha.

"Kwa hiyo inasimama mulangoni," akasema. "Haigonjwi. Inakosa pa kukaa."

Akaniandikia kwenye karatasi jinsi ya kufungua ukurasa wa ruta na kuitengea kompyuta kiti chake, ambacho simu yoyote isingekigusa.

Nilirudi Koboko na hasira ya mtu aliyeaibishwa na jambo rahisi. Nikafungua ukurasa ule. Viti vilikuwa kumi na sita; nikaona vinatosha kwa wageni wetu, sikutenga chochote. Ijumaa ya tatu, kompyuta iliposimama tena mlangoni, nikatoka sebuleni na kuhesabu watu. Walikuwa ishirini na mmoja, na wengi wao wameinamia simu. Nikamwuliza haboba nani aliwapa nenosiri. Akanyoosha mkono kuelekea mlango. Ukutani nyuma ya mlango, juu kidogo ya mahali pa viatu, lilikuwa limeandikwa kwa chaki, herufi kubwa na nzuri. Nilikuwa nimepita hapo kila siku.

Wageni walipoondoka nikachukua kitambaa chenye maji.

"Futa uone," akasema haboba.

"Haboba, hii ni kazi yangu. Ijumaa ijayo nikikosa, narudi Kampala."

"Na hii ni nyumba yangu. Mutu amekuja kwangu Ijumaa, amekula, nimwambie nini? Wewe shiba, simu yako ikae na njaa?"

"Nitabadilisha paswadi tu. Hawatajua ni nani."

"Watajua ni mimi. Umri huu wote hakuna aliyefika kwangu akakuta mlango umefungwa. Sasa nifunge kwa sababu ya sanduku?"

Nilitaka kumwambia kwamba sanduku lile ndilo lililoniweka karibu naye. Niliweka kitambaa chini, nikaenda chumbani na karatasi ya fundi, nikaitengea kompyuta kiti chake. Nilijiona nimepata suluhisho ambalo halikumwudhi mtu yeyote: chaki ikabaki ukutani, wageni na simu zao, mimi na nafasi yangu.

Ijumaa ya nne nikazima kompyuta kama kawaida. Watu wakaja, wengi kuliko wiki iliyopita, maana kulikuwa na jamaa kutoka Kuluba waliokuja na muhogo. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikawasha. Ikazunguka mara moja. Ikaunganika. Nikatuma kazi ya wiki, na saa tisa kamili nikawasalimu watu wa Kampala kwa sauti iliyojaa ushindi. Kabla mkutano haujaisha msimamizi akasema mbele ya wote kwamba naweza kubaki Koboko.

Nilitoka na kutangaza sebuleni kwamba tatizo lilikuwa la kiufundi na limetatuliwa kiufundi. Yule mama wa wiki ya kwanza akasema, "Sawa, injinia. Kaa ule." Tangu siku hiyo Ijumaa hazikunisumbua tena, na nilisimulia habari ile mara nyingi, hasa kwa watu wanaoamini majini.

Baada ya miaka miwili ruta ikaungua. Nilipompelekea yule fundi, aliweza kuiamsha kwa dakika chache, nami nikamwomba anionyeshe kile kiti nilichotenga ili nikinakili kwenye ruta mpya. Orodha ilikuwa tupu. Aliniuliza kama nilibonyeza kuhifadhi baada ya kuandika. Sikukumbuka. Akasema basi ilisahau umeme ulipokatika mara ya kwanza, labda usiku uleule.

Haboba nilipomwuliza alisema hajui mambo ya mashini. Aliyeniambia ni yule mama aliyeniita injinia, na aliniambia akishangaa kwamba sikujua: kila Ijumaa, tangu ile ya nne, haboba alikuwa akisimama karibu na viatu na kumwambia kila anayeingia azime simu yake, wala asiiwashe mpaka anisikie nikiwasalimu watu wa Kampala.