Chai ya Aliyeshindwa

Barafu mimi naijua ya kwenye friji. Lakini niulize habari za magongo ya barafuni, mchezo ule wa watu kuteleza na viatu vya vyuma wakigombea kisahani cheusi, nitakujibu mpaka uchoke. Miaka tisa mume wangu na rafiki yake walibishana sebuleni kwangu, kila Jumapili nikitoka kanisani, nani alikuwa bingwa kuliko wote.

Wote wawili walikuwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Mume wangu alipelekwa kusoma Moscow kabla hajaja Morogoro akanioa. Mwenzake alisomea Kanada. Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote tulirudi Johannesburg. Niseme walirudi wao, mimi nilikuja tu. Na kila mmoja alirudi na mabingwa wake kichwani.

"Warusi wangu wa zamani walipasiana kama wamezaliwa tumbo moja!" mume wangu alifoka.

"Mkanada wangu kafunga kuliko wote. Hesabu magoli!"

"Kwa sababu makipa wa wakati wake walikuwa vijipande vya watu! Mlete leo, makipa wameziba goli zima, tuone!"

Walikuwa na sheria moja: atakayekubali kushindwa ndiye atakayepika chai. Sasa nani akubali? Hakuna aliyekubali hata siku moja, na chai nikapika mimi, mimi niliyeshinda wiki nzima kiwandani Jeppestown kwenye cherehani, miguu imenivimba. Eish, nilivyoichukia sheria ile!

Kisha rafiki yake akahamia Durban kwa binti yake. Haikupita muda, mume wangu akaanza kusahau. Funguo nilizikuta ndani ya friji. Siku moja alishuka kwenda spaza, kile kiduka cha hapo chini, kununua mkate, akarudishwa na jirani yetu Mkongo, amemkuta anazunguka mtaa wetu wa Berea mzima anatafuta nyumba. Nesi wa kliniki akaniambia nimzungumzishe mambo anayoyapenda, ya zamani, kila nikipata nafasi. Sikuogopa sana habari ya funguo. Niliogopa atanisahau mimi.

Basi Jumapili iliyofuata nikaketi kwenye kiti cha rafiki yake. "Bwana wewe," nikasema, "hao Warusi wako hawamfikii yule Mkanada."

Akageuka, macho yakawaka. "Wewe mwanamke unajua nini?"

Haki ya Mungu, sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nikamjibu kwa maneno ya rafiki yake, nilikuwa nimeyasikia yote nikiwa jikoni. Akarusha mikono, akazungumzia magongo ya mbao, na wanaume waliocheza bila kofia ngumu, damu inawatoka na hawatoki uwanjani. Halafu nikaenda kupika chai kama kawaida.

Miaka miwili tukaenda hivyo. Nilichoka, sitaki kusema uongo. Kuna Jumapili nilitamani kumwambia haya, Warusi wameshinda, niache nilale. Lakini akinyamaza je? Nikabishana hivyohivyo, kichwa kinaniuma. Watoto walipita wakicheka, wakisema kwa Kizulu kwamba mama naye kaanza.

Jumapili ya mwisho nilianza kama siku zote. "Mkanada ni mmoja tu, hao wengine wasindikizaji."

"Sawa, dada," akasema kwa upole. "Umeshinda."

Hajawahi kuniita dada maishani mwake. "Hapana!" nikamwambia. "Makipa wa wakati wake walikuwa wadogo! Sema! Si ndivyo unavyosema?" Nilimshika mkono. Akatabasamu, kama mtu anayemvumilia mgeni, akautoa mkono wake taratibu, akaenda kupika chai.

Nilisikia birika, nikasikia makabati yakifunguliwa moja baada ya jingine. Akarudi ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na maji ya moto na sukari, majani ameyasahau.

"Karibu, dada," akasema. "Mke wangu yuko jikoni, anakuja sasa hivi."

Nikakipokea. Nikamwambia asante, nitamsubiri.