Siku Niliyojifunga Waya Dirishani

Mpaka leo nikipita Mhunze natembea nimeinamisha uso, maana wapo wasiolijua jina langu lakini wananikumbuka vizuri nilivyokuwa: peku, leso usoni, mkono umefungwa kwenye nondo za dirisha. Nacheka nao, nifanyeje?

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nimekabidhiwa kompyuta ya ofisi ya kiwanda cha pamba cha mji huo (moja tu, ya msaada), na vumbi la pamba limeisonga hadi inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua kasha, kila kitu kama kijitabu kilivyoelekeza. Kilisema pia niguse chuma kwanza, umeme uliojikusanya mwilini unitoke usije ukaunguza vipande vya ndani. Mtu mwingine angegusa akaendelea. Mimi nikawaza: je, ukirudi? Basi nikajifunga mkono wa kushoto kwa waya wa shaba, ncha ya pili kwenye nondo, mafundo juu ya mafundo, nikavua viatu (sijui hata kwa nini), nikajifunga leso puani, nikaanza kupangusa taratibu kwa brashi mpya ya kunyolea, feni yake ya ndani nimeizuia kwa kidole isizunguke.

Mama Shija, mfagiaji wetu, akachungulia mlangoni.

"Mwizi! Jamani, mwizi wa kompyuta! Tena kashafungwa!"

Mara filimbi za sungusungu, walinzi wa jadi, zikalia, fimbo zikajaa mlangoni, na mimi kufungua mafundo kwa mkono mmoja siwezi, kujieleza siwezi kwa chafya. Mbele yao kiongozi wao, Mzee Masanja, baba yake Kabula (Kabula huyohuyo niliyekuwa nimempelekea posa, na jibu bado nalisubiri kwa roho juu).

"Nani kamfunga huyu?"

Nikashusha leso. "Nimejifunga mwenyewe, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. Wakanikatia waya, nikaeleza yote huku nikirudisha kifuniko, nikachomeka umeme, nikaiwasha kompyuta. Ikawaka, haingurumi tena. Mzee akainama, akaitegea sikio kama anayesikiliza kifua cha ndama.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Mwambie mshenga wako aje Jumapili. Mtu anayejifunga mwenyewe hawezi kumkimbia mke."

Tangu hapo nasafisha kompyuta nikiwa na viatu, chuma nakigusa kwa kidole tu, na kabla sijaanza nazunguka ofisi nzima kutangaza. Kabula anasema hiyo nayo nimezidisha.