Mkasi na Gego la Chini

Ninalosimulia hapa mtalikataa, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo huwa nalitilia shaka. Shule niliiacha njiani, lakini macho yangu yana digrii.

Mpwa wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mkasi, kwa kuwa uzi haukati kwa mkasi: huukata kwa meno, akatema, mguu ukiendelea kukanyaga. Nilimwonya mara elfu. Haya, mara mbili.

Mimba yake ya kwanza iliharibika. Hii ya pili ilipofika miezi mitano, fizi zikaanza kuvuja damu, kisha gego bovu la chini likamvimbisha shavu, utadhani ameficha kibunda cha nyuzi. Akawa anatafuna upande mmoja, baadaye hatafuni kabisa. Mama mkwe wake alishamwambia mjamzito haguswi jino, ganzi humshukia mtoto.

"Nilishampoteza mmoja, Mjomba," akaniambia. "Kwa huyu nitavumilia hata meno yote yaishe."

"Yakiisha, uzi utaukata na nini?"

Hakucheka. Ndipo nikajua maji yamezidi unga.

Siku ya kliniki nikamsindikiza. Mkunga alipomaliza kupima tumbo nikadakia, maana mdomo wangu hauna komeo: "Mama, mtazame na shavu." Mkasi akanikata jicho. Mkunga akamchungulia kinywani, akaguna, akatupeleka mwenyewe chumba cha meno.

Daktari wa meno akamsikiliza hofu yake yote bila kumkatiza. "Dada," akasema, "ganzi inayomfaa mjamzito tunayo. Cha kuogopa ni huu usaha, na wewe kukaa huli. Wa tumboni anategemea sahani yako."

Mkasi akasugua vidole vingine kwa kidole gumba, kama afanyavyo kabla ya kupitisha mkasi kwenye kitambaa cha mteja. Kitambaa kikishakatwa hakiungiki kikawa kilekile. Kisha akafungua mdomo.

Gego likatoka. Tukakaa benchini kwenye korido, yeye ameuma pamba, kiganja tumboni, anasubiri mtoto acheze. Nilikuwa nikiwaza kwamba huyu amewashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule, na wa kwake hajathubutu kumkatia hata kipande.

Mara akashtuka. Akaniangalia, akatikisa kichwa kuitikia, machozi yakimdondoka juu ya pamba.

Haya nayaandikia kibandani kwake, namsomea kwa sauti kila nikimaliza mstari, naye anakata vazi dogo, jeupe, la urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Basi mtoto alipiga teke, ndugu wasomaji, teke la mshambuliaji wa timu kubwa, benchi zima likasogea na sisi juu yake, likavuka korido, likaenda kugonga mlango wa—

"Mjomba, benchi lilisogea ulipozimia kwa kuona damu kwenye pamba."