Nililiona Kosa la Kaka, Nikabofya "Iko Sawa"

Jamani, mimi ni mwongo. Naanza na hilo nisije nikalizunguka tena, maana kuzunguka ndiko kulikonifikisha hapa. Hata sasa naandika huku nasimama na kukaa, chai imepoa mezani.

Kazi yangu ni kuandika programu. Ofisi yetu iko Kariakoo, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya vitenge. Tunatengeneza vifaa vidogo vya kulinda vyumba vya baridi: joto likipanda, kifaa kinampigia simu mwenye mali. Kodi ya mwenzangu, yaani maagizo ya programu aliyoyaandika, haiingii kwenye kifaa mpaka mimi niipitie. Nikibofya "iko sawa", inaingia. Nisipobofya, inabaki nje.

Kuna mwenzangu mmoja, nitamwita Seif ingawa si jina lake. Nilipokuja kutoka Lindi nilifikia chumbani kwake. Miezi mitatu alilala kwenye mkeka, kitanda akaniachia mimi. Kuandika kodi nimefundishwa na yeye, kazi nimetafutiwa na yeye. Hatuna undugu wa damu, lakini namwita kaka na sijawahi kumwita vingine.

Asubuhi hiyo aliniletea mabadiliko ya draiva, yaani ile programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuzungumza na kipimajoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika kitu cha ndani namna ile peke yake.

"Dogo, nipitishie hiyo fasta. Mchana tunaenda kumfungia shangazi kifaa pale Feri."

Shangazi yake, dada wa baba yake, ana chumba cha baridi pale soko la samaki la Feri. Kwa miaka mingi alikuwa anakwenda mwenyewe kila mara kushika mlango na kuona kama kuna baridi. Seif alimbembeleza sana. Alimwambia, "Shangazi, hiki kifaa ndicho kitakachokuangalizia. Wewe pumzika."

Nikaipitia. Mstari wa arobaini na kitu, nikaliona!

Niwaeleze kidogo. Kila draiva inapotaka kusoma joto, inaomba nafasi kwenye memori, kama unavyoazima sufuria kwa jirani. Ukimaliza unarudisha. Kodi ya Seif ilikuwa inarudisha vizuri, lakini kipimajoto kikikataa kujibu, ilitoka haraka haraka bila kurudisha kitu. Programu ya kawaida ikifanya hivyo, siku ukiifunga, mfumo wenyewe unakusanya vilivyobaki. Kwenye kiini hakuna wa kukusanya nyuma yako. Nafasi inapungua, inapungua, mpaka kifaa kinaganda. Na Feri, kwenye maji na chumvi, kipimajoto hukataa kujibu mara nyingi tu. Ofisini kwetu pakavu hakijawahi kukataa, ndiyo maana Seif hakuona.

Nikaandika chini ya mstari ule: "Kaka, hapa kwenye njia ya kosa hujarudisha memori." Nikatuma.

Halafu nikakumbuka ile skrini kubwa ukutani. Maoni yote yanatokea pale, ofisi nzima inasoma. Mwezi mmoja nyuma binti mmoja alimsahihisha Seif jambo dogo, wakamtania wiki nzima. "Mzee anafundishwa na watoto!" Yeye alicheka nao, ila mimi nilimwona uso. Sasa leo nimuumbue mimi, niliyelalia kitanda chake?

Nikayafuta yale maneno. Dakika moja haikuisha. Nikabofya "iko sawa".

Najua mnachosema: si ungemwita pembeni? Loo, nilikusudia! Mchana tukashuka kwa mama ntilie, nikamkuta anawasimulia watu jinsi alivyoandika draiva mwenyewe, bila msaada, tena dogo ameipitia hakuona hata nukta ya kosa. Akanipiga bega. Nikala wali wangu, na jioni kifaa kikafungwa Feri.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilikuwa na uwezo wa kuingia kwenye kile kifaa kutoka kompyuta ya ofisini, nikawa nachungulia memori iliyobaki. Asubuhi imepungua. Mchana imepungua tena. Nilikuwa naacha kazi, nashuka ngazi zote mpaka chini, nasimama kati ya wapagazi wanaonipigia kelele niwapishe, halafu napanda tena kuchungulia.

Kurekebisha kimyakimya haikuwezekana, kila badiliko la draiva lazima lioneshe nani kafanya na kwa nini. Basi nikabuni ujinga wangu. Kifaa kikizimwa na kuwashwa, memori yote inarudi. Nikawa nawahi ofisini kabla ya wenzangu, nakizima, nakiwasha. Kila asubuhi, hata Jumapili! Seif akanisifia kwa bosi kwamba siku hizi nina bidii. Nilitamani sakafu ipasuke.

Ningeweza kumwambia siku yoyote kati ya hizo. Nilimwona kila siku.

Kisha mjomba wangu akafariki. Nikaenda Lindi kuzika, siku mbili na ya tatu ya njiani. Pale msibani watu walidhani namlilia marehemu kupita kiasi, navyozungukazunguka uani na simu mkononi. Simu yenyewe haikufaa kitu, kifaa kiliingilika kutoka ofisini tu. Kumpigia Seif niseme nini? "Kaka, kizime ukiwashe"? Angeuliza kwa nini. Mara tatu nililitafuta jina lake, mara tatu nikairudisha simu mfukoni.

Siku ya pili umeme wa Feri ulikatika, na uliporudi mashine ya baridi haikuwaka. Kifaa kina betri yake, hakikuzimika na umeme, na kilikuwa kimeshaganda. Hakikupiga simu kwa mtu. Shangazi alikuwa amepumzika, kama alivyoambiwa. Alipofungua mlango alipokelewa na harufu.

Nilirudi nikakuta kikao. Bosi alikuwa ameshaligundua kosa kwenye kodi ya Seif. Akanigeukia.

"Nani alipitia hii?"

"Mimi, bosi."

"Hukuona?"

Seif alikuwa amekaa mbele yangu, anaangalia meza. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa.

"Sikuona."

Seif akainua uso, akaniangalia kidogo tu, akamgeukia bosi. "Dogo hana kosa. Kodi niliandika mimi."

Wakamwondoa siku hiyo hiyo. Bosi alisema mteja ni ndugu wa Seif mwenyewe, na kama kwa ndugu kafanya hivyo, kwa wageni itakuwaje. Ole wangu! Nilikaa nikasikiliza hayo yote.

Nilimsaidia kubeba boksi la vitu vyake. Tulishuka ngazi zote. Chini kwenye mlango wa duka la vitenge akaweka boksi, akatoa simu, akanionesha.

Ilikuwa barua pepe. "Kaka, hapa kwenye njia ya kosa hujarudisha memori." Jina langu juu yake, na saa niliyoandika. Mfumo ulikuwa umemtumia kabla sijafuta! Yeye barua pepe za ofisini hasomi, ni nyingi mno. Aliitafuta asubuhi ile ya kikao, alipokuwa anahangaika kujua amekosea wapi.

"Kaka..." nikaanza.

"Na kumbukumbu za kile kifaa zinaonesha kilikuwa kinazimwa na kuwashwa kila asubuhi. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mle ndani nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe," akasema. "Ungeniambia tu, dogo. Ningechekwa, yangeisha. Mimi ni wa kuogopa kuchekwa?"

Akabeba boksi lake, akaondoka. Sikuweza hata kumfuata.

Sasa hivi ana meza ya kutengeneza simu hapa hapa Kariakoo. Nikipita huniitikia vizuri, "Poa, dogo," na kuinamia kazi yake. Heri angenitukana! Kinachomuumiza si kazi. Shangazi yake amesema Seif alimfanya mjinga, na hataki kumwona kwake, hata Idi iliyopita hakualikwa.

Wiki iliyopita nilikwenda Feri. Nilijiapiza kwamba leo nasema. Nikamkuta shangazi anapanga vibua kwenye beseni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe si ndiye rafiki yake Seif? Mwambie sina neno naye. Ila kwangu asiniletee tena vitu vyake."

Nikajibu, "Nitamwambia."

Nitamwambia! Nimetoka Kariakoo mpaka Feri kusema hivyo! Nilirudi kwa miguu, nikapotea njia ninayoijua, nikajikuta Upanga.

Ndugu msomaji, wewe unayepitia kazi ya mtu unayemheshimu, awe kaka, mwalimu au bosi, ukiliona kosa lake liseme siku hiyo hiyo. Mwite pembeni, mpigie, mwandikie, vyovyote. Usidhani unamsitiri. Mimi nilijisitiri mwenyewe tu, na aliyeumbuka akawa yeye. Na ukishaandika la kweli, usilifute.

Sijaweka jina langu hapa, na hilo mlione pia. Kesho asubuhi naingia kwa bosi kusema kwamba niliona; hili nimeshamwandikia na tayari nimetuma, halifutiki. Lakini shangazi hasomi mambo haya, wanamsomea wajukuu. Basi kama upo Feri, na unamsomea bibi yako muuza samaki ambaye hasemi na mtoto wa kaka yake, msomee na hapa, polepole: mtoto wa kaka yako hakulijua lile kosa. Aliyejua ni yule aliyekuamkia wiki iliyopita ukampa ujumbe aupeleke.