Mkono Wangu na Tangawizi ya Shemeji

Miaka kumi nilikuwa kiongozi wa serikali, na kama hukujua si kosa lako, hata mimi nilikuwa nasahau. Nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu, huku milimani juu ya Maore, kwa nafasi ya wanawake. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai, kumenya magimbi na kunyoosha mkono. Shule niliishia darasa la nne, lakini somo la kunyoosha mkono nililifaulu tangu la kwanza.

Mwenyekiti wa wakati ule ndiye aliyenifuata shambani.

"Sheria inataka wanawake," akasema, kama mtu anayesema ng'ombe wanataka chumvi.

"Nitafanya nini huko?"

"Utakaa tu, mama."

Nikakaa. Kwa kukaa, hakuna aliyenishinda.

Juu ya nyumba yangu kuna ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Maji ya kijito yanajaa humo, kisha yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Linalozuia maji yasituangukie sisi wa chini ni tuta la udongo na mawe, walilojenga babu zetu. Kila mtoto wa Kipare anajua tuta la ndiva halilimwi. Sasa niwataje waliolilima.

Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyepanda tangawizi pale juu kwa kuwa udongo una unyevu mwaka mzima. Wa pili ni mwenyekiti yule, binamu yake. Wa tatu ni mtendaji wa wakati huo, aliyeandika kwenye muhtasari kwamba shemeji "ataimarisha tuta kwa mimea". Mimea! Tangawizi unaivuna kwa kuchimbua. Kila msimu shemeji alishuka na kikapu cha tangawizi na kikapu cha tuta.

Siku ya kupitisha jambo hilo nilikuwapo. Nilijua. Nilitaka kusema, nikamwangalia shemeji, nikakumbuka ndiye aliyenisimamia msiba, ndiye ninayemwomba dume la kulimia. Nikauliza kama chai iongezwe sukari. Kisha mkono ukapanda.

Masika yalipokuja tuta likapasuka, saa nne asubuhi, nikiwa nachambua maharage. Jiko lilikwenda, nyumba ikafuata, mbuzi wangu wawili sijawaona hadi leo. Mimi niliokotwa juu ya mparachichi, nyonga imeteguka. Serikali nzima ilikuwa imening'inia mtini na kanga moja, tena iliyofungwa vibaya. Nachechemea mpaka sasa. Kanisani shemeji alisema ni mapenzi ya Mungu. Mwenyekiti, kwa kuwa yeye amesoma, alisema ni mabadiliko ya tabianchi. Hiyo tabianchi sijawahi kuiona imeshika jembe.

Ndiva tukaijenga upya kwa msaragambo, kijiji kizima kikibeba mawe, na mimi nikaezeka kibanda palepale, sina kiwanja kingine. Misimu miwili baadaye naangalia juu, naona majani mabichi. Tangawizi.

Ndipo ukaja uchaguzi, na watu wakachoka kwa pamoja. Wakamchagua mwenyekiti mwanamke, aliyezaliwa kambi ya mkonge kule bondeni, baba yake manamba, kibarua aliyetoka mbali, yeye akaolewa huku juu. Mtendaji aliyeletwa naye mwanamke. Wajumbe wakawa wa kila namna: mfugaji wa Kimaasai wa kitongoji cha chini, mwalimu mstaafu Mwislamu, kijana anayetembea kwa magongo. Wageni wa wilayani wakaja kusherehekea halmashauri hiyo, na mimi nikaitwa niseme neno, kama mama wa kwanza kuketi kwenye halmashauri.

Nilikariri hotuba wiki nzima. "Ndugu mgeni rasmi" niliisema vizuri sana. Halafu nikamwona shemeji mstari wa mbele na koti lake, anachekelea, na mvua za vuli zimebakiza wiki tatu zianze. Hotuba ikanitoka yote kichwani. Nikawataja, mmoja mmoja, na tangawizi.

"Kaa chini, shemeji, chai inapoa!" akapiga kelele. Watu wakacheka. Na mimi, aibu yangu, nilikaa.

Mwenyekiti mpya hakucheka. Wageni walipoondoka akawabakiza wajumbe, akaniita mimi na shemeji.

"Mama, umetaja watatu. Nimesoma ule muhtasari. Waliounga mkono ni wote."

"Na mimi nilikuwamo," nikasema.

"Basi wewe, uliyekiri, ni wa nne."

Nilidhani ningetetewa kama mwanamke mwenzake. Kumbe.

Shemeji akasimama. "Huyu mtoto wa manamba ataijua wapi ndiva? Si mtu wa hapa!"

"Kweli, baba," akajibu, kwa adabu kabisa. "Hapa sina mjomba wala shemeji. Ndiyo maana sioni aibu kukuambia ukang'oe."

Nimelala na maneno hayo siku nyingi. Sisi wote wa zamani tulikuwa ndugu. Kila aliyepaswa kumkemea shemeji alikuwa amekula kwake. Mwanamke walikuwa naye, mimi, lakini walichagua mwanamke wa nyumbani. Ilitakiwa aje ambaye hakuna anayeweza kumziba mdomo kwa dume la kulimia. Yule kijana wa magongo ndiye aliyetoa hoja: wanne hao watangulie msaragambo wa Jumamosi kung'oa tangawizi, kijiji kifuate na majani ya kupanda yashike udongo. Ikapita. Mtendaji wa zamani alishahamishwa, hivyo tulitangulia watatu.

Mwenyekiti wa zamani alikuja na glavu. Mimi niling'oa nimekaa juu ya gunia, kwa ajili ya nyonga. Shemeji alinigeukia jua lilipokuwa kichwani, tuta likiwa jeusi na tupu, wanawake wanapanda majani nyuma yetu.

"Umefurahi sasa?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Hapo mguuni kwako umeacha shina."

Akaangalia chini, akainama, akaling'oa.